Kutafutwa Hadi Kizingitini

Dinah wa Lowbeck alikuwa amepiga magoti uani, mikono myekundu hadi viwikoni, mbwa wake alipoanza kubweka. Alidhani ni muuza mafuta ya taa. Alipoinua uso akaona msichana amesimama langoni, kavaa koti jeusi la mjini na viatu ambavyo tope la bonde lilikuwa limeshavimaliza. Msichana aliitazama ile mikono, akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, binti. Si damu, ni udongo tu. Nampaka huyu bwana."

Huyo bwana alikuwa kondoo dume aliyefungwa kwenye nguzo, pembe zimejikunja kando ya masikio, nusu ya mgongo kijivu na nusu nyekundu kama tofali. Aliitwa Askofu, kwa sababu alitembea polepole huku akigeuza kichwa huku na huku kama anayebariki waumini. Kesho yake, Ijumaa, yalikuwa maonyesho ya madume huko Ravenby, na mtu hakupeleka dume Ravenby bila kumpaka udongo mwekundu, kama mtu asivyokwenda harusini bila kuoga.

"Naulizia nyumba ya Thrang," msichana alisema. "Nimefika pale nikakuta kuta tu. Hakuna hata paa."

"Paa lilichukuliwa na upepo, zamani sana. Unamtaka nani Thrang?"

"Simtaki mtu. Baba yangu alizaliwa pale. Naitwa Muriel Gaskarth. Baba ni Lanty." Kisha akajisahihisha kwa sauti ndogo. "Alikuwa Lanty."

Dinah alijifuta mikono kwenye aproni, akasimama. Lanty wa Thrang! Alikuwa kijana mrefu aliyepiga mluzi kuanzia kwao hadi kanisani, na bonde zima likajua yuko wapi. Alikwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya pamba wakati Dinah bado msichana mdogo wa kuokota mayai. Hakurudi kuishi tena.

"Ingia ndani," alisema. "Viatu vivue hapo. Vitakauka karibu na moto kama bado vina roho."

Jikoni alimpa chai na mkate mkavu wa shayiri, na siagi iliyokorogwa na sukari na ramu. Msichana alikula kama mtu aliyesahau kwamba ana njaa. Kisha akaeleza. Baba yake alikuwa amefariki Jumatatu, kifua kikiwa kimejaa vumbi la pamba. Alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe kando ya mama yake katika kanisa dogo la bonde. Jeneza lingekuja kwa treni Jumamosi asubuhi, na mazishi yangekuwa saa sita mchana. Mchungaji alikuwa na habari.

"Nimetoa tangazo gazetini," Muriel alisema. "Na leo nimebandika karatasi kwenye mlango wa kanisa, nimeandika kwa herufi kubwa. Unadhani watakuja wengi, mama?"

Dinah alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Hatakuja mtu," alisema.

Msichana akaweka kikombe chini. "Walimchukia hivyo?"

"Nani, Lanty? Hakuna aliyemchukia. Hawajatafutwa, mwanangu. Mtu hawezi kwenda kwenye maziko ya bonde hili kama hajatafutwa. Hata akiwa amesoma gazeti, hata akiwa amepita pale kanisani akaona karatasi yako. Atasoma, atavua kofia, ataendelea na njia yake. Akija bila kutafutwa, ni kama amekuja kuchungulia kilio cha watu."

Neno hilo la kutafuta alilitamka kwa lugha ya pale, kitenzi cha zamani ambacho vitabu vilikuwa vimeshakizika: *lait*. Muriel akashtuka.

"Hilo neno. Baba alikuwa analisema. Siku za mwisho alinishika mkono akaniuliza, 'Nani atakwenda kulait kwa ajili yangu?' Nikadhani anaweweseka. Manesi nao wakadhani hivyo. Nikamjibu, 'Tulia baba, kila kitu kiko sawa.'" Machozi yakaanza kumtoka. "Sikujua ananiuliza kitu cha kweli. Maana yake nini?"

Dinah hakuwahi kuulizwa maana ya neno hilo maishani mwake. Mwalimu wa shule aliwahi kumchapa kwa kulitumia, akisema si Kiingereza, na yeye akatoka nje akaendelea kulitumia.

"Ni kutafuta," alisema. "Lakini si kutafuta kama unavyotafuta sindano, ukichoka unachukua nyingine. Kondoo akikosekana jioni, unakwenda kulait. Mwanamke akishikwa na uchungu, unakwenda kumlait mkunga. Unatoka kwa miguu yako mwenyewe na hurudi mpaka umempata. Ukisema unakwenda kulait halafu ukageuka njiani, basi hukulait. Ulikuwa unanyoosha miguu."

"Na kwenye msiba?"

"Harusini tunaalika. Kwenye msiba tunatafuta. Kila nyumba ina nyumba zake ambazo lazima zitafutwe, na zenyewe ni lazima zije. Wengine wanachimba kaburi, wengine wanabeba, wengine wanakaa tu pale wakila mkate. Anayetafuta anafika hadi kizingitini, anashika mwimo wa mlango, anasema maneno. Basi, mtu huyo ametafutwa."

Muriel alifikiri. "Lakini kwa nini mseme mnawatafuta, ilhali mnajua kila mtu anakoishi?"

"Usiniulize mimi." Dinah aligeuza kikombe chake mkononi. "Mama yangu alikuwa anasema ni kwa ajili ya mfiwa. Mfiwa asikae dirishani akijiuliza nani atakuja na nani hatakuja. Wametafutwa, kwa hiyo watakuja. Mfiwa apumzike."

"Basi nitakwenda mimi. Nielekeze njia." Msichana alikuwa amesimama tayari, na soksi zake zikitoa mvuke.

"Mfiwa hatoki. Anayetoka ni mtu wa nyumba ya karibu."

"Nyumba ya karibu na Thrang ni ipi?"

Dinah alitazama nje. Askofu alikuwa anajaribu kula kamba yake.

"Ni hii," alisema.

Wote wawili wakamtazama yule dume, na ikachukua muda kidogo kwa Muriel kuelewa. "Maonyesho yako ni kesho," alisema.

"Ni kesho."

Dinah hakutaka kueleza zaidi, lakini msichana alikuwa na macho ya kusubiri, basi akaeleza. Mumewe, Tolson, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na wanaume wa Ravenby walianza kumuuliza kwa upole ni lini atauza kundi. Mwanamke peke yake atafuga madume? Yeye hakuwajibu. Alimlea Askofu. Mwaka huu dume alikuwa amefikia kilele chake; mwakani meno ya mbele yangeanza kulegea, na hakuna mwamuzi ambaye angemtazama mara mbili. Wenye makundi walikodi madume ya majira ya baridi palepale uwanjani, wakishawaona wamesimama kwenye mstari. Dume asiyesimama kwenye mstari hakuwa na wa kumkodi. Dinah alikuwa ameshajiona pale, ameshika pembe, watu wakipita.

"Usiache, mama," Muriel alisema. Alikuwa anamaanisha. "Tutamzika baba sisi, mimi na wewe na mchungaji. Yeye alikuwa mtu mpole, asingetaka kumsumbua mtu."

"Na jeneza tutabeba nani na nani? Mchungaji mwenyewe ana mgongo. Akiinama kufunga kamba za viatu anasali sala zote anazozijua." Muriel akacheka huku analia. Dinah akamshika bega kwa mkono wake mwekundu. "Sikiliza. Baba yako aliuliza nani atamtafutia watu. Mwambie ni Dinah wa Lowbeck. Nitawatafuta wote, hadi kizingitini, sitaruka nyumba hata moja. Na jeneza litainuliwa hapa kwangu, maana Thrang haina paa."

Neno "wote" lilikuwa limeshatoka ndipo akaikumbuka Scarth, nyumba ya mwisho juu kabisa ng'ambo ya kijito. Pale aliishi Isaac Mounsey, ambaye hakuja kumzika Tolson. Tangu siku ile Dinah na Isaac hawakusemeshana. Wakikutana njiani, Isaac aliukagua ukuta wa mawe kana kwamba anataka kuununua, na Dinah akamwita mbwa wake hata kama mbwa yuko miguuni.

Lakini neno lilikuwa limetoka, na msichana alikuwa ameshaanza kupumua vizuri.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa imepungua. Dinah alimwachia Muriel unga, moto na maelekezo ya kuoka mikate midogo ya maziko, ile ambayo kila mtu hupewa mmoja kwenda nao nyumbani. "Ikiungua, geuza upande ulioungua chini," alimwambia. Askofu alibaki bandani akilalamika. Dinah hakumtazama, akiogopa moyo usije ukalegea.

Mireside ilikuwa nyumba ya kwanza. Jossy Tallentire alikuwa anapandisha dume lake kwenye lori, akilisukuma matakoni kwa bega.

"Dinah! Askofu yuko wapi? Amekataa kuvaa joho?"

"Haendi. Shuka, Jossy. Nenda ukasimame mlangoni kwako."

"Nimefanya nini?"

"Nenda."

Jossy alitazama uso wake, akaacha utani nusu. Alivuka ua akasimama kizingitini pake kama mtoto anayepimwa urefu. Dinah akashika mwimo wa mlango. "Umetafutwa kumzika Lanty wa Thrang," alisema, "kesho saa sita, kutoka Lowbeck."

"Lanty mpiga mluzi?" Jossy akavua kofia. "Masikini. Nitakuja, na mke wangu atakuja." Kisha akaielewa ile asubuhi yote kwa mara moja. "Ngoja kwanza. Unataka kuzunguka bonde zima kwa miguu leo? Leo? Dinah, una kichaa. Panda hapa. Tunamchukua Askofu wako, tunapita kila lango, napiga honi, wewe unatoa kichwa dirishani unawaambia. Kabla ya saa nne tumemaliza, saa tano uko uwanjani."

Dinah aliliangalia lile lori. Lilikuwa limewashwa, moshi ukitoka nyuma, na nafasi ya dume mmoja zaidi ilikuwepo, na majani makavu yametandikwa vizuri. Kwa muda mfupi aliona kila kitu kikiwezekana. Nani angelalamika? Nusu ya watu wale wangefurahi kusikia honi.

"Nilimwambia binti yake hadi kizingitini," alisema.

"Binti ni wa mjini. Atajua tofauti?"

"Hatajua. Ndiyo maana nitakwenda kwa miguu."

Jossy alikuna kichwa. "Mke wangu akisikia nimekuacha utembee atanilaza na mbwa." Akapanda lori, akashuka tena, akampa kipande cha jibini kilichofungwa kwenye leso. "Kula hii. Na dume langu likishinda, usije ukasema nilikuroga."

"Dume lako haliwezi kushinda hata likiwa peke yake uwanjani."

Jossy akapanda tena, lori likaondoka yeye bado anacheka. Dinah akabaki amesimama mpaka sauti yake ikaisha kwenye kona.

Huko Yewgarth aliishi bibi Peggy, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Dinah alishika mwimo wa mlango akasema maneno. Bibi Peggy akatabasamu. Akasema tena, kwa nguvu.

"Panti ya nani?"

"Lanty! Lanty wa Thrang! Amefariki!"

"Ah, Lanty! Yule aliyekula pudingi yangu dirishani. Mwambie sijasahau."

"Amekufa, bibi!"

"Ndiyo, nimekusikia, usinipigie kelele mimi si mbwa. Amekufa. Basi nimemsamehe." Akatoa leso akajifuta macho. "Nitakuja. Wajukuu watanibeba na kiti. Pudingi ilikuwa ya zabibu kavu."

Huko Hollin mambo hayakuwa mepesi. Ned Hollin, mtu wa sheria nyingi na kazi kidogo, alisikiliza akiwa ameegemea mlango, kisha akatikisa kichwa.

"Thrang haina paa, Dinah. Haina moshi. Nyumba isiyo na moshi haina watu wa kutafutwa. Ule mzunguko wake wa nyumba umekufa."

"Nani kauua?"

"Umekufa wenyewe. Lanty aliondoka. Mama yake akafa. Nani alikuja kumtafuta Ned siku zote hizo kutoka Thrang? Hakuna."

"Kwa sababu hakuna aliyekufa siku zote hizo, Ned. Unataka wafe kwanza ili wakutafute?"

Mkewe Ned alicheka jikoni. Ned akageuka kumkemea, akamkuta ameshavua aproni, tayari anatafuta kofia nyeusi ndani ya kabati.

"Mama wa Lanty alikaa na mimi siku tatu nilipojifungua mtoto wa kwanza," mwanamke alisema kutoka ndani, bila kumtazama mumewe. "Paa lilikuwepo wakati huo, Ned, au halikuwepo?"

"Sisemi sitakuja," Ned alisema. "Nilikuwa naeleza tu ilivyo." Akavua kofia. "Saa sita?"

"Saa sita. Na wewe utabeba, maana una mabega na huna la kufanya."

Ilivyokwenda siku, ndivyo miguu ya Dinah ilivyozidi kuwa mizito na moyo wake kuwa mwepesi. Kila mlango ulikuwa na kitu cha Lanty nyuma yake. Mmoja alikumbuka Lanty alivyomfundisha kuogelea. Mwingine hakumkumbuka hata kidogo, lakini baba yake alikuwa amemtaja. Mwanamke mmoja aliyehamia bondeni kwa ndoa alisikiliza maneno akabaki mdomo wazi, kisha akamuuliza Dinah kama mtu mgeni naye anatafutwa. Dinah akamwambia nyumba ndiyo inayotafutwa, na yeye yumo ndani ya nyumba. Yule mwanamke akafurahi mpaka akampa maziwa ya moto.

Mchana ulikuwa unaegemea upande wa pili alipofika kwenye kijito chini ya Scarth. Uwanjani Ravenby, wakati huo, madume yalikuwa yameshapangwa kwenye mstari. Aliwaza jambo hilo mara moja, akaliacha.

Daraja la mbao halikuwepo. Maji yalikuwa yamelibeba usiku, na mahali pake palikuwa na mkondo wa rangi ya chai, unaoviringisha mawe chini kwa chini. Ng'ambo, si mbali, Isaac Mounsey alikuwa amesimama uani kwake na uma wa majani mkononi. Alikuwa amezeeka kuliko Dinah alivyokuwa akijiruhusu kuona. Mguu wa kulia alikuwa anauegemeza kwenye uma. Alimwona Dinah. Hakusogea, hakukagua ukuta.

Kutoka pale sauti ingefika. Hilo ndilo lililomshika Dinah miguu.

Kwa sababu ilikuwa hivyohivyo siku ya Tolson. Theluji ilikuwa imefunga bonde, na kaka yake Dinah, Wilson, ndiye aliyekwenda kutafuta watu. Wilson alikuwa mtu mwema na mvivu kidogo. Alifika hapahapa, akaona theluji imejaa upande wa pili hadi kiunoni, akaweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Isaac! Tolson amekufa! Ijumaa!" Isaac aliinua mkono. Wilson akarudi nyumbani akasema ameshamaliza. Na Ijumaa Isaac hakuja, rafiki mkubwa wa Tolson kuliko wote, na Dinah akakaa dirishani akimngojea mpaka walipoinua jeneza. Aliambiwa baadaye kwa midomo ya watu kwamba Isaac alisema hakutafutwa, alipigiwa kelele kama ng'ombe. Dinah aliona ni kiburi. Alisema hivyo pia, kanisani, mbele za watu, na maneno yakapanda hadi Scarth bila kuhitaji daraja.

Sasa alikuwa amesimama kwenye nyayo za Wilson. Njia nyingine ilikuwa kupanda hadi kichwa cha bonde, mahali maji yanapogawanyika yakawa madogo, kuvuka kwenye mawe, na kushuka upande wa pili kupitia magugu na kinamasi. Kwa miguu mizima ingekuwa mwendo mrefu. Kwa miguu yake ya saa hizo, hakutaka kufikiria. Aliahidi hadi kizingitini. Lakini Muriel hajui Scarth ni nini, na Jossy alisema kweli, asingejua tofauti. Na Isaac mwenyewe, je, angestahili? Alimwacha Tolson aende bila yeye.

Alifungua mdomo. Isaac ng'ambo aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayetega sikio.

Dinah akafunga mdomo. Akageuka, akaanza kupanda.

Alipanda kando ya ukuta, akishika mawe kwa mkono. Mbwa alitangulia, akarudi kumtazama, akatangulia tena. Kwenye kichwa cha bonde ukungu ulikuwa umelala, na alivuka mawe kwa kukaa chini na kujisogeza kama mtoto, akafurahi hakuna mtu wa kumwona. Jiwe la mwisho liliteleza. Aliingia maji hadi magotini, akatukana neno ambalo mumewe alidhani yeye halijui. Upande wa kushuka kinamasi kilimvua kiatu kimoja, akakichimbua kwa mikono. Goti la kushoto lilianza kulia kila hatua. Alikuwa anaongea na Tolson njia nzima bila kutoa sauti, si mambo makubwa, ni kumwambia tu: tazama hapa, tazama nilivyo.

Alipotokea nyuma ya zizi la Scarth mwanga ulikuwa unaanza kupungua. Isaac alikuwa mlangoni. Hakuwa na uma tena.

"Nilikuona pale ng'ambo," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kwa kutotumika. "Ulipogeuka nikamwambia mbwa, haya, ni wale wale."

Dinah alikuwa bado anahema. Alikuja mpaka kizingitini. Akaweka kiganja chake chenye tope kwenye mwimo wa mlango, na mwimo ukamsaidia kusimama.

"Isaac wa Scarth. Umetafutwa kumzika Lanty wa Thrang, kesho saa sita, kutoka Lowbeck."

Mzee alimtazama kuanzia viatu vilivyojaa maji hadi nywele zilizogandamana usoni.

"Ungepaza sauti ningesikia," alisema. "Maji hayana kelele hivyo."

"Wilson naye alifikiri hivyo."

Mbwa wawili walikuwa wananusana kwa adabu kubwa.

"Siku ile nilivaa koti la maziko tangu alfajiri," Isaac alisema. Alikuwa kama analiambia bonde lililokuwa nyuma ya Dinah. "Nikasema, Dinah atamtuma mtu tena. Theluji ikipungua kidogo atamtuma mtu. Nilikaa kwenye kiti hiki hapa na koti mwilini mpaka nikasikia kengele. Wakati huo nilikuwa nimeshachelewa, na nikakasirika, maana kukasirika kulikuwa rahisi zaidi."

"Na mimi nilikuwa dirishani," Dinah alisema. "Wakati huohuo."

Isaac akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mezani siku zote.

"Leo si siku ya Ravenby?"

"Ni leo."

"Nilisikia una dume mzuri."

"Ninaye."

Hakumpa pole. Dinah alishukuru kwa hilo, angempa pole angelia. Badala yake mzee aliingia ndani kwa kuchechemea, akatoka na kiti, akakiweka palepale kizingitini, nusu ndani nusu nje, akamfanyia ishara akae. Kisha akavua kofia yake na kubaki nayo mkononi.

"Daraja halipo," alisema. "Kwa mguu huu, kwa njia uliyopita wewe, saa sita ni karibu mno. Itabidi niondoke kabla jua halijatoka."

"Jossy ana lori. Anaweza kuzunguka kwa barabara ya juu mpaka..."

"Nimetafutwa kwa miguu, nitakuja kwa miguu," Isaac alisema. "Kaa. Maji ya moto yanakuja."

Dinah alikaa. Alivua kiatu, akamwaga maji yaliyokuwa ndani yake kwenye mawe ya mlangoni, akaegemeza kichwa kwenye mwimo. Hakukuwa na nyumba nyingine iliyobaki.